Mwanangu kasimama uani kwenye mchanga akaniuliza, "Mama, nicheze nini?" Tusemezane kuhusu michezo ya watoto wetu

Fundi wa Mikanjuni (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Uzi ni mrefu. Atakayechoka apumzike kisha arudi, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu mwaka jana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Mikanjuni. Nashonea barazani kwangu, watoto wananizunguka. Ninao wawili, wa kiume ana miaka sita na wa kike ana minne, na ninakaa na mtoto wa marehemu dada yangu, wa kiume, miaka minane. Likizo ya Juni mwaka jana umeme ulikatika tangu alfajiri. Runinga imezima, simu yangu imeisha chaji. Mwanangu akatoka, akasimama katikati ya ua, akaangalia huku na huku, kisha akaja mbele ya cherehani: "Mama, nicheze nini?"

Ua wangu una mchanga. Una mnazi mmoja, na mwembe wa jirani unaomwaga majani upande wetu. Nyuma ya jiko kuna vifuu na makopo, na matofali yaliyobaki nilipojenga choo. Chini ya meza yangu ya kukatia kuna gunia zima la mabaki ya vitenge. Na mtoto wa miaka sita kazungukwa na yote hayo, anauliza acheze nini.

Niliacha kushona. Iliniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo: mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Akichota mchanga, nilimwambia utajichafua. Akiburuta kuti, nilimwambia acha litakukwaruza. Akipanga matofali yake, nikipita nayarudisha ukutani yakae sawa. Kisha kwa mapenzi yangu yote nikamnunulia gari la betri, shilingi 25,000, linawaka taa na kuimba. Gari lile lilijua kila kitu. Liliimba lenyewe, lilikwenda lenyewe, likigonga ukuta lilijigeuza lenyewe. Kazi ya mwanangu ilikuwa kubonyeza na kutazama. Siku ya nne betri zikafa, na mchezo ukafa nazo.

Mimi nimekulia Ngamiani, barabara ya 12. Jioni ile barabara ilikuwa yetu. Tulicheza kombolela, kopo linawekwa katikati, mmoja analilinda huku anatafuta waliojificha, na ukifika ukalipiga teke, waliokamatwa wote wako huru. Tulicheza rede, mmoja anajaza chupa mchanga huku wenzake wawili wanamrushia mpira kutoka pande mbili. Upepo wa kusi ukishika tulirusha tiara tulizotengeneza kwa gazeti na chelewa za fagio, gundi yake ugali wa jana. Wadogo walikimbia na kititia cha ukuti mkononi. Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni karara.

Kwa wa bara wasiolijua: karara ni lile ganda gumu linalofunika maua ya mnazi yanapochipua. Likikauka linadondoka, na umbo lake ni kama mtumbwi, limechongoka huku na huku, katikati lina tumbo. Karara moja asubuhi lilikuwa ngalawa ya kwenda Pemba. Mchana lilikuwa kitanda, mtoto wa matambara kalala ndani. Alasiri lilikuwa sinia la biashara, tunauza maandazi ya udongo. Siku ya msiba mtaani lilikuwa jeneza, na mtu mzima mmoja alitufokea sana kwa hilo, ila leo nafikiri tulikuwa tunajaribu kuelewa kilichotokea nyumba ya pili. Karara halikuwa chochote. Ndiyo maana liliweza kuwa kila kitu.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kitu kinachomkuza mtoto akili ni kile kisichokamilika. Kikija kimekamilika, mtoto hana pa kuingia.

Sisemi zamani yote ilikuwa njema. Tulichapwa kwa kurudi na vumbi. Na mimi nilikuwa naitwa kuosha vyombo mchezo ukiwa umenoga, kaka zangu wanabaki kombolela. Hilo lilinikata sana, na nimeapa binti yangu halitampata. Vyombo kwangu vinaoshwa na wote watatu, kisha wote watatu wanatoka.

Basi nilifanya nini? Kwanza nilifungua gunia. Nikawaambia vipande hivi ni vyenu, na matofali, na vifuu. Mipaka ni mikasi, sindano, pasi na jiko, hivyo hapana. Pili nilinyamaza, na hili lilikuwa gumu kuliko yote. Siku mbili za mwanzo walizungukazunguka wakilalamika hawana cha kufanya. Mara tano niliinuka kwenda kuwaonyesha, mara tano nikarudi kukaa. Siku ya tatu, mchana, nikasikia kelele chini ya meza yangu ya kukatia.

Mjomba wao ni kuli bandarini. Meza ilikuwa imekuwa meli. Vipande vya vitenge vimekunjwa na kufungwa kamba, ni marobota ya mkonge. Sinia bovu ni tishari, kile chombo bapa cha kubebea mzigo majini, na nahodha wa tishari ni mwanangu. Wale wa Tanga mnajua, miaka yote meli kubwa zilitia nanga mbali kwa sababu gatini maji hayakutosha, mzigo ukapakiwa na kushushwa kwa matishari. Sasa gati limechimbwa kina cha mita 13 na meli inakuja kufunga yenyewe. Yule wa miaka minane, aliyesikia habari hizo kwa mjomba, akasema matishari yameisha, meli inafunga hapa. Mwanangu akaanza kulia, kwa kuwa tishari likiisha yeye hana kazi.

Walibishana karibu nusu saa. Mkono wangu uko kwenye gurudumu la cherehani, sishoni, nasikiliza. Mwisho binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa abiria tu, akasema: "Bahari imechafuka. Meli haiwezi kuja." Wote wakakubali. Bahari imechafuka, meli itatia nanga mbali, tishari lina kazi mpaka upepo utulie. Yule mkubwa akawa mkuu wa bandari anayetoa taarifa za upepo.

Sikuwapa hilo mimi, wala hawakuliona runingani. Nimeshona miaka kumi na saba, na sikumbuki kusikia watu wazima wakimaliza mgogoro wa kazi vizuri namna ile.

Naomba michango yenu. Kwenu watoto wanacheza nini, na nyinyi mnasimama wapi wanapocheza?

---

Baba Pacha

Dada yangu, uzi umeandikwa kwa moyo na nimeusoma wote. Ila naomba niseme upande wa pili bila kuvunja heshima. Nina mapacha, wako darasa la kwanza. Kila jioni wanarudi na kazi za kurasa tatu, nne. Mwalimu ananiambia mmoja hajashika herufi. Wakicheza mpaka adhana ya Magharibi, wakala, wakalala, herufi watajifunza saa ngapi? Mtoto wa maskini hana kitu kingine ila shule. Mchezo ni mzuri, lakini mtihani hauulizi mtoto aliendesha tishari.

---

Mwalimu wa Awali

Baba Pacha, hofu yako naijua, wazazi wananiletea kila wiki. Mimi nafundisha darasa la awali, mwaka huu nina watoto 74 katika chumba kimoja. Niruhusu nieleze kwa urefu kidogo.

Kuna mwanasaikolojia Mrusi, Lev Vygotsky, aliyezaliwa 1896 na kufariki 1934. Tulimsoma chuoni nikamkariri kwa ajili ya mtihani, nikaja kumwelewa nilipoanza kukaa na watoto. Alimtazama mtoto anayepanda fimbo akisema ni farasi. Fimbo si farasi, na mtoto anajua. Lakini ameweza kuibandua maana ya farasi kutoka kwa farasi mwenyewe na kuibandika kwenye fimbo. Sasa tazama herufi. Ule mchoro wa "ma" ubaoni hauna uhusiano wowote na sauti inayotoka mdomoni mwako. Ni mistari tu. Anayesoma ni yule anayekubali kwamba mistari hii isimame badala ya sauti ile. Mtoto aliyezoea kukubali kwamba sinia ni tishari na tambara ni robota la mkonge ameshafanya kazi hiyo mara elfu kabla hajashika kalamu.

Jambo la pili ni kujizuia. Darasani nikimwambia mtoto wa miaka mitano asimame bila kutikisika, dakika moja ni nyingi. Mpe kuwa askari wa getini katika mchezo wa wenzake, atasimama mpaka umwonee huruma. Hakuna fimbo, hakuna zawadi, anasimama kwa sababu askari husimama. Vygotsky aliandika kwamba mtoto akiwa mchezoni ni kama amejizidi urefu kwa kichwa kimoja. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Na hata chekechea zenyewe zilianzia kwenye mchezo. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua mahali pa watoto wadogo mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg, na vifaa alivyowapa vilikuwa mipira ya uzi wa sufu, matufe ya mbao na vipande vya mbao vya kujengea. Hakuna kilichowaka taa. Fundi wa Mikanjuni, ungekuwepo ungemshonea.

Hapa kwetu watoto hawajasahaulika. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile tunayoifupisha PJT-MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ujifunzaji wa awali umo ndani yake pamoja na lishe, afya, ulinzi na malezi yenye mwitikio. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataja mchezo kuwa haki katika ibara ya 31. Na tangu 2024 Umoja wa Mataifa unaadhimisha siku ya mchezo kila Juni 11. Ila nawaambieni ukweli, karatasi haziingii darasani zenyewe. Watoto 74, mikeka mitatu, mimi mmoja. Nilichoweza ni kona. Kona ya duka ina visoda na makopo matupu. Kona ya nyumba ina vifuu na vijiko vya mbao. Kona ya ujenzi ina vipande vya mbao nilivyoomba kwa seremala. Wanaingia kwa zamu.

Baba Pacha, huyo ambaye hajashika herufi, mwache awe muuza duka. Aandike bei. Ataandika vibaya, muache. Atakuwa anaandika kwa sababu ana neno la kusema.

---

Mzee wa Sahare

Wanangu, Mungu awape maisha marefu. Mjukuu ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema.

Huyu binti kagusa karara. Karara ndiko nilikoanzia. Ukiliweka majini jinsi lilivyo linapinduka, halina uzito chini. Hakuna aliyetuambia. Lilipinduka, tukaweka jiwe, likazama. Tukaweka jiwe dogo, likaenda upande. Siku nyingi zikapita mpaka mwenzangu mmoja akafunga vijiti viwili kupita juu, na kila mwisho akafunga kipande cha kuti, kama mbawa za ngalawa. Likasimama! Tulipiga kelele mpaka mama zetu wakatoka nje wakidhani mtu kazama. Baba zetu walikuwa na ngalawa zenye mbawa hizo pale pale pwani, tunaziona kila siku. Tulikuwa tunaziangalia bila kuziona. Siku ile ndipo tulipojua kwa nini ziko pale.

Nilipokuja kuingia kazi ya uvuvi, aliyenifundisha hakuwa na haja ya kunieleza ngalawa inasimamaje majini.

Na niseme kosa langu. Mjukuu wangu huyu alipofika miaka mitano nilimchongea ngalawa kwa mti wa mwembe, ule ule tunaochongea ngalawa za kweli. Nikaipiga tupa, nikaipaka rangi, nikaishonea tanga. Wiki mbili nilikaa nayo. Akaishukuru, akaiweka juu ya kabati, na iko pale mpaka leo. Anayoipeleka baharini ni ya kandambili kuukuu, kachomeka kijiti na mfuko wa sukari. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Babu, ile yako siwezi kuigeuza."

---

Fundi wa Mikanjuni

Shikamoo babu. Hilo neno la mjukuu wako nimeliandika kwa chaki kwenye ukuta wa baraza yangu, "ile yako siwezi kuigeuza." Gari langu la betri lilikuwa hivyo hivyo.

Mwalimu, ahsante sana kwa darasa. Jumamosi njoo uchukue vipande, nina gunia la pili, na mipira ya uzi nitakufungia mwenyewe.

---

Bint Duga

Dada, mimi nakuonea wivu wa heri. Wewe una ua. Sisi tumepanga chumba kimoja, nyumba ina wapangaji saba, ua ni wa kufulia na kupikia. Mwenye nyumba hataki kelele wala mchanga ndani. Nje bodaboda zinapita kama risasi. Na siku hizi siwezi kumwachia mtoto wa miaka mitano barabarani hata kwa dakika kumi, tunayoyasikia yanatisha. Nampa simu, atulie, nikapike. Najua si vizuri. Niambieni basi nifanye nini.

---

Fundi wa Mikanjuni

Mdogo wangu, usijilaumu, na hofu yako ni ya haki. Barabara ya 12 niliyoisimulia ilikuwa na macho ya mama wote waliokaa barazani. Ukikosa adabu unafikishwa kwenu kabla hujafika. Macho hayo yamepungua, na mtoto hawezi kuyafidia peke yake.

Ila kuna mchezo hauhitaji ua wala mchanga, na mnaweza kuucheza huku wewe unapika: vitendawili. Sina maana ya kumkaririsha nyumba yangu haina mlango, yai, kuku wangu katagia miibani, nanasi, ingawa hivyo navyo viko. Nina maana ya ile sehemu tunayoiruka siku hizi, ya kupewa mji. Mtoto akishindwa unamwambia, "Nipe mji." Anakupa, tuseme Pangani. Hapo ndipo unaposafiri: "Nilikwenda Pangani, nikavuka mto, watu wa Pangani wakanipokea, wakanichinjia..." Unamsimulia uliyoyaona, kisha unatoa jibu. Zamu ikigeuka, mtoto ndiye anayepewa mji, na yeye ndiye anayesafiri. Mwanangu nilimpa Muheza nikidhani ataniambia machungwa. Akaniambia alikuta chungwa kubwa kama nyumba, watu wanaishi ndani, kila anayetaka dirisha anakula kipande. Jikoni, sufuria mbili, hakuna nafasi ya kugeuka, na mtoto kajenga nyumba ya chungwa.

Baada ya miezi wakaanza kutega vyao. Hiki ni cha yule mkubwa, nakileta hapa kama alivyokisema: "Ana jino moja, anatafuna kutwa na hashibi." Nilimpa miji mitatu kabla sijajua. Ni cherehani yangu.

Na kama mtapata nafasi chini ya kitanda au kona ya mlango, khanga moja kuukuu iliyofungwa kwenye misumari miwili ni nyumba. Usiingie bila kupiga hodi.

---

Muuguzi wa Pangani

Naomba niongeze machache ya kliniki.

Bint Duga, kuhusu simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unataka watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, zikigawanyika mchana kutwa. Si lazima uwanja. Kucheza ngoma ya ndoo chumbani ni kujongea.

Fundi, nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja, maana mafundi mna vifungo. Chini ya miaka mitatu kila kitu kinaingia mdomoni. Kifungo, gololi, kisoda, viwe mbali na mdogo. Na lile gari lililokufa, kama betri zake ni zile za duara bapa kama sarafu, zitoe ndani ya nyumba leo. Mtoto akiimeza, inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa mbili tu. Hospitali mara moja, msingoje itoke.

---

Fundi wa Mikanjuni

Ahsante dada muuguzi. Wa kwangu mdogo ana minne, lakini jirani anakuja na wake wa mwaka na nusu. Vifungo nimevitia kwenye chupa yenye kifuniko, viko juu, vinashushwa yule mdogo akiondoka.

---

Mama wa Makorora

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu.

Binti yangu ana miaka saba. Ana mtindio wa ubongo, hatembei, maneno yake machache tunayajua nyumbani tu. Namweka mkekani barazani watoto wa mtaa wanapocheza. Wanampenda. Lakini kila mchezo yeye ni mgonjwa au ni mtoto mchanga. Anafunikwa, anapewa dawa ya majani, basi. Mwaka mzima mgonjwa. Mara nyingi nilitaka kuwaambia mpeni kitu kingine, nikaona nitawaharibia, hawatakuja tena.

Mwezi uliopita walimfunika kama kawaida. Akalia. Si kulia kwa maumivu, nakujua. Mtoto mmoja wa jirani, wa miaka sita, akamwuliza, "Hutaki kuwa mgonjwa?" Akatikisa kichwa. "Unataka kuwa nani?" Akaangalia kile kipande cha kamba, ambacho kilikuwa kipimo cha daktari. Wakamvalisha shingoni. Wagonjwa wakapanga foleni mbele ya mkeka. Anaangalia majani ya mwembe, unapewa ya mwembe. Anaangalia mchanga, unapewa mchanga. Akifumba macho, umepona, nenda nyumbani.

Sasa ndiye daktari wa mtaa. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya pazia, nalia peke yangu.

---

Mwalimu wa Awali

Mama wa Makorora, ahsante kwa kuandika. Nimeisoma mara tatu. Kesho nina mtoto darasani ambaye kila siku ni "mgonjwa." Nitamwuliza anataka kuwa nani. Sikuwahi kumwuliza.

---

Baba Pacha

Nimerudi baada ya wiki tatu, na naleta niliyoyaona bila kuongeza.

Nilikubaliana na mama yao: wakitoka shule wanakula, wanatoka kucheza kwa muda wa saa moja na nusu, kisha ndipo kazi za shule. Wiki ya kwanza ilikuwa fujo, kazi hazikuisha, nikataka kuacha. Wiki ya pili yule wa kwanza, Kulwa, akaanza duka la visoda kama alivyosema mwalimu. Aliandika kwenye boksi SUKAI 3000. Nilitaka kumsahihisha, nikakumbuka. Siku ya tatu mwenyewe akaja kuniuliza kwa nini boksi la dukani kwa mangi lina herufi moja zaidi. Nikamwonyesha R. Haijamtoka tena.

Doto sijamwelewa. Hachezi. Anakaa pembeni ya duka anaangalia. Nikimwambia cheza anainama. Mwalimu, huyu nifanyeje?

Na mpira. Nimewatengenezea mwenyewe nilivyoujua mimi, nikagundua vitu vimebadilika, mifuko ya nailoni tuliyoisokota ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa mazingira ni sawa kabisa. Tumetumia matambara na kamba za katani. Unadunda kidogo, lakini unaviringika vizuri.

---

Mwalimu wa Awali

Baba Pacha, umenifurahisha na hiyo R.

Doto anacheza. Kutazama nako ni kucheza, watoto wengi huanza hivyo, anasoma kanuni za duka kabla ya kuingia. Usimsukume. Mwambie Kulwa duka limekosa mlinzi, au limekosa mtu wa kuhesabu hela mwisho wa siku, kazi inayofanywa kwa kukaa. Kisha ondoka. Kama baada ya miezi bado hachangamani na yeyote, hata nyumbani, nenda naye kliniki wamwangalie, bila hofu. Lakini wiki tatu ni chache mno.

---

Mzee wa Sahare

Mwanangu mwenye pacha, mpira wa matambara uloweshe kidogo usiku, ukauke jua la asubuhi. Utakaza.

---

Bint Duga

Naleta ya kwangu fupi. Khanga imefungwa kona ya kitanda. Jana nilipiga hodi nikajibiwa, "Subiri, tunahama." Mpangaji wa chumba cha pili ameleta mwanawe, na wa tatu naye anauliza kama nafasi ipo. Mama wanne tumekubaliana zamu, kila jioni mmoja anakaa kibarazani na mboga zake anachambua, macho yake kwa watoto. Mwenye nyumba hajasema neno. Juzi mwenyewe alikuja akawategea kitendawili.

---

Fundi wa Mikanjuni

Ndugu zangu, nimewasoma wote. Nilitaka kumjibu kila mmoja leo, nina mabaki mengi ya kusema, hasa kuhusu wale mama wanne wa kwa Bint Duga wanaopeana zamu barazani. Lakini chini ya meza upepo umetulia, bahari shwari, taarifa imetolewa. Meli inaondoka kwenda Mombasa na wanataka abiria mmoja mtu mzima.

Nauli ni vifungo viwili. Nashusha chupa.